Mji Wangu Umeshinda, Lakini Aliyeujenga ni Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, tena usinichukulie kuwa mlevi wa gemu, maana najua watu wakisikia mwanamke wa miaka arobaini na mbili anacheza gemu kwenye kompyuta wanadhani nyumbani kwake vyombo vinalala vichafu, na kwangu hakuna kitu kama hicho, mimi ni mchezaji wa kawaida kabisa, nusu saa nikitoka kazini, siku nyingine sichezi, na nikiitwa naacha palepale, kwa sababu kwangu mimi gemu nzuri ni ile inayokubali kuachwa, na isiyokubali kuachwa hiyo imeshakuwa mwajiri.

Kazi yangu ni fundi miwani. Nasaga lenzi, nazikata zifuate fremu, nabana skrubu ambazo ukipiga chafya umeshazipoteza, na mchana kutwa masikio yangu yanakula kelele za mashine, ndiyo maana sitaki gemu za bunduki, kelele ninazo za kulipwa mshahara. Gemu yangu ni ya kujenga mji: unachora barabara, unaweka nyumba, shule, soko, umeme, maji, watu wanahamia, na ukiwakosea wanahama. Naichezea sebuleni, kwenye kompyuta ya zamani tuliyoinunua ofisi moja ya bima ilipokuwa inahama, feni yake inakohoa ukiiwasha halafu inatulia, na kiti changu ni cha mezani, cha mbao, cha kawaida.

Hapo ndipo penye maoni yangu, na maoni ninayo mengi. Kwenye kundi letu la wachezaji mtandaoni, watu kama mia nne, mimi ndiye ninayejulikana kwa kuzipinga kompyuta za mataa. Nimeandika humo mara nyingi kwamba kompyuta inayobadilisha rangi nyekundu, bluu, zambarau, haichezi gemu vizuri zaidi, inajichezea yenyewe, na kwamba mtu akikuambia gemu yake haichezeki bila kadi ya picha yenye bei ya pikipiki, ujue huyo hana gemu, ana kadi, na kwamba kiti cha gemu chenye mabawa kama cha rubani kinamfaa rubani, na kwamba gemu za simu zinazokusimamisha kila dakika tano ununue sarafu si gemu, ni wachuuzi waliovaa nguo za gemu. Watu wananipenda kwa hayo. Wengine wananichukia, lakini wanasoma.

Sasa mama mkwe. Mama mzaa mume wangu anaishi nasi mwaka wa sita huu, tangu baba mkwe afariki. Ni mama wa heshima, mgongo wima, miaka sitini na tisa, alifanya kazi idara ya maji miaka thelathini na moja akastaafu wakampa saa ya ukutani, na zaidi ya hapo sijui kitu kuhusu kazi yake. Hatugombani. Ila akinikuta kwenye kompyuta hakosi neno. "Mtu mzima na mwanasesere wa umeme," anasema, tena mbele ya wageni, tena mbele ya akina mama wa kikundi chake, nao wanacheka, mimi nacheka nao, maisha yanaendelea.

Basi mwaka jana mji wangu ukaanza kukua. Nauacha jioni na watu elfu tatu, kesho yake jioni naukuta na elfu tatu na mia nne, naacha mtaa wa mlimani unalia kiu, narudi naukuta una maji mpaka bustani zimestawi, na mimi, mshauri, sikushtuka, kwa sababu zamani nilikuwa na gemu ya shamba kwenye simu, ile mahindi yalikuwa yanakomaa simu ikiwa mfukoni, nikajua hata hii ni hivyohivyo, ukiweka msingi mzuri mji unajiendesha wenyewe. Tena nikaandika somo refu kwenye kundi, nikiwafundisha watu kwamba siri ni kuweka msingi halafu kuuacha mji upumue. Walinishukuru. Mmoja akaniambia ameuacha wake upumue wiki nzima na haukupumua, nikamjibu msingi wake mbovu.

Mwaka huu kundi likafanya shindano la mji bora. Nikapeleka wangu, watu elfu arobaini kasoro kidogo, na mji wangu ukashinda. Mwenyekiti wa kundi, mtu asiye na utani hata kidogo, alinipigia simu mwenyewe akasema hajawahi kuona maji yaliyopangwa namna ile, kila mtaa una njia yake ya kufungiwa maji, bomba likipasuka sehemu moja kwingine hawakauki. Akanisifu pia kwa kuhifadhi mji mkongwe, maana barabara yangu ya kwanza kabisa, ile iliyopinda ovyo niliyoichora siku ambayo hata kipanya sijakizoea, ipo vilevile katikati ya mji, pamoja na soko langu lililokaa upande, na kila kitu kimejengwa kuvizunguka. Kazini walinipigia makofi, daktari wetu wa macho akaanza kuniita Mheshimiwa Meya, mume wangu, ambaye ni fundi majokofu na hajui gemu hata moja, aliwatangazia wateja wake wote, na mimi nilivimba kichwa mpaka fremu yangu mwenyewe ikaanza kunibana.

Wiki moja baadaye mashine ya kusaga lenzi ikaharibika, mkubwa wetu akaturudisha nyumbani kabla ya saa sita mchana. Nikafungua mlango wa nyuma taratibu kwa sababu nilijua mama hupumzika saa hizo. Hakuwa amepumzika. Alikuwa kwenye kiti changu, mto wa kochi kauweka nyuma ya kiuno, miwani puani, kipanya mkononi, na mji wangu umejaa kioo kizima.

"Nyie wa mtaa wa juu, acheni kelele," alikuwa anaiambia kompyuta. "Nimeshawaambia maji yanakuja. Tunaweka vali kwanza. Nikiwafungulia wote kwa pamoja, wa chini watapata mafuriko na nyie mtapata upepo."

Akabofya. Akasubiri. Bomba likawa la bluu mpaka juu mlimani, naye akajipigia kofi dogo kwenye goti akasema, "Haya, ogeni."

Mshauri, nilisimama kwenye kikorido cha nyuma, fahari na aibu zikinipanda kwa pamoja, sijui nishike ipi niache ipi. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole, nikazunguka nyumba, nikalibamiza geti la mbele, nikakohoa, nikapiga hodi nyumbani kwangu mwenyewe. Nilipoingia mama alikuwa kwenye kochi anafuma kitambaa, kompyuta imezimwa.

"Umewahi leo," akaniambia.

"Ndiyo mama, mashine imeharibika."

"Haya. Basi leo upuuzi wako utaupata kwa nafasi."

Mto ulikuwa bado kwenye kiti changu. Hapo ndipo nilipoitazama miwani yake na kujiona mjinga wa kutupwa, kwa sababu miwani ile niliitengeneza mimi. Mwaka jana nilimpa ya kusomea, akaivaa siku mbili akanirudishia, akasema hataki ya kitu cha mkononi, anataka ya kitu kilicho mbali kidogo, mkono ukiunyoosha. Nikampeleka akapimwa upya, nikasaga lenzi kwa umbali huo, nikadhani ni ya kufumia. Kazini kila wiki nawatengenezea watu wa maofisini miwani ya umbali huohuo, na tunaiita kwa jina lake: miwani ya kompyuta.

Nikaanza kuangalia kwa makini, hata saa ambazo gemu inaziandika kila mji unapohifadhiwa. Asubuhi tukishatoka wote, mama anacheza. Kabla sijarudi anahifadhi, anazima, anafunika kompyuta kwa kitambaa chake. Jina la mji ni langu, jina la meya ni langu, hajagusa hata herufi.

Sasa zawadi ya mshindi imefika, na naona aibu kukuambia ni nini: kompyuta ya gemu, yenye mataa, feni tatu, kila moja na rangi yake. Mume wangu kaifungua kwa furaha ya mtoto, kasema itakaa chumbani kwetu isije ikapata vumbi la sebuleni, na ile ya zamani ameshamwahidi mwenzake wa kazini, atakuja kuichukua mwisho wa wiki ijayo. Chumbani kwetu mama hakanyagi. Hajawahi hata siku moja, akitaka kitu anasimama mlangoni anaita, ndivyo alivyo. Siku mume wangu alipotangaza hayo mama aliuliza tu, "Chumbani? Mbona chumbani?" Hakujibiwa la maana, akasema ameshiba, akaondoka mezani, na tangu siku hiyo kula yake ni ya kudonoa na kile kitambaa hakifumi tena.

Jumamosi hii nimepangiwa kuzungumza na kundi zima kwa video, niwaonyeshe moja kwa moja jinsi nilivyopanga maji ya mlimani. Siwezi, sijui hata vali inawekwa wapi. Nikisema ukweli namwanika mama mkwe mbele ya watu, yeye aliyekuwa anawachekesha wenzake kwa kunisema, atauweka wapi uso wake, na mume wangu atajionaje. Nikinyamaza nimevaa kilemba cha ukoka na nitakivaa maisha. Na nisikufiche, kuna kipande cha moyo wangu kinataka kunyamaza, kwa sababu sijawahi kushinda kitu chochote tangu nizaliwe, na jina la Mheshimiwa Meya ni tamu. Lakini kipande kingine, mshauri, nikimwona yule mama amekaa kimya kwenye kochi, kinataka kutoka nje kikapige kelele mtaa mzima kwamba mama mkwe wangu, mstaafu, kwenye kompyuta inayokohoa, kawashinda watu mia nne wenye mataa. Nifanye nini?

Ni mimi, Meya wa mji wa mwenzangu.

*

Fundi miwani, nimecheka. Ulipopiga hodi nyumbani kwako mwenyewe nilicheka mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza, sikiliza.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe unayewatengenezea wengine macho inabidi uambiwe. Mji uliokua kutoka elfu tatu kwenda elfu arobaini bila mkono wa mtu? Usione vyaelea, vimeundwa. Hata hayo mahindi yako ya kwenye simu kuna mtu aliyekaa akayatengenezea kukua. Umewafundisha watu waache miji yao ipumue, na yule maskini ambaye wa kwake haukupumua ukamwambia msingi wake mbovu. Kabla ya Jumamosi mwandikie umwombe radhi. Naanza na hilo dogo ili upate mazoezi.

Nakuhurumia, tena sana. Mtu asiyewahi kushinda kitu akipewa ushindi halafu akaona unamtoka mkononi, anaumia, na maumivu hayo si ya mchezo hata kama kilichoyaleta ni mchezo. Ila jua ulipo. Mpaka leo hujaiba kitu, ulidanganyika tu kwa ujinga wako. Jumamosi ukifungua mdomo ukasema "nilipanga mimi", hapo ndipo utakapoiba, na utamwibia mtu ambaye kesho yake asubuhi atakuuliza umeamkaje.

Unaogopa kumwaibisha. Vizuri, hofu hiyo ni adabu. Lakini umeisoma barua yako mwenyewe? Mtu aliyekaa idara ya maji miaka thelathini na moja, anayejua bomba linatakiwa lipite wapi, amekuta barabara yako imepinda katikati ya mji na soko limekaa upande. Kubomoa ni kubofya mara moja. Hakubomoa. Amejenga mji mzima kwa kukwepa makosa yako, akaacha jina lako juu. Na wewe unafikiri huyo mama anakudharau? Maneno ya mbele ya wageni ni ya wageni, maneno yake kwako ameyachora ardhini.

Na kwa nini alijificha? Siri ya mtungi aijuaye kata, ila nitakisia. Ameshasema sana kwamba ni upuuzi, kisha akauonja upuuzi akaupenda, na mtu mwenye mgongo wima kuinama kunamgharimu. Kwa hiyo usimfumanie. Usimwambie "mama nilikuona". Usimtume mumeo, huyo ameshindwa kuona kwamba mama yake hali chakula. Na usilie mbele yake, utamchosha.

Fanya hivi. Kesho omba ruhusa kazini, urudi mchana, na geti ulibamize kabla hujafika mlangoni, umpe nafasi ya kwenda kwenye kochi lake. Washa kompyuta ya zamani. Fungua mji. Kisha mwite: "Mama, wewe umefanya kazi ya maji. Wameniuliza jinsi maji yanavyopanda mlimani, na sijui. Naomba unifundishe." Halafu inuka, umpishe kiti. Usibaki umesimama nyuma yake unamwelekeza kipanya, anakijua kuliko wewe. Akikaa, yamekwisha, hakuna atakayehitaji kuungama kwa mwenzake. Akikataa, acha kiti wazi, nenda jikoni, kaa huko muda wa kutosha. Atakaa.

Akishakaa mwambie Jumamosi unataka muwe wawili mbele ya video. Akikubali, kiti cha katikati ni chake na wewe wa pembeni, na sentensi yako ya kwanza iwe hii: maji ya mji huu yamepangwa na mama mkwe wangu, mtaalamu wa idara ya maji. Isitangulie salamu ndefu wala utani. Sema kwa sauti ileile uliyopokelea makofi kazini, kwa sababu hiyo ndiyo fahari yako ya kweli, na wala haikupungukii kitu: watu wangapi hapa duniani wana mama mkwe wa kuringia? Asipotaka jina lake litajwe, basi waambie kwamba mji haukuujenga peke yako, aliyepanga maji hapendi kutajwa, na maswali ya maji hutayajibu. Mwenyekiti asiye na utani atakuelewa. Asipoelewa, hata zawadi irudi. Kuhusu zile feni tatu za mataa maoni yako tunayajua.

Ikibaki, itakaa sebuleni, na hilo halina mjadala. Mwambie mumeo vumbi linafutwa kwa kitambaa, na kwamba chumbani kwenu hapajengwi miji. Ile ya zamani isitoke mlangoni. Mwenzake wa kazini aambiwe imepata mwenyewe. Ndani ya nyumba moja kwenye kompyuta mbili wachezaji wawili hawagombani, na wewe kwa ujuzi wako huo unaanza mji mpya kutoka barabara ya kwanza, ukiwa na mwalimu kwenye kiti cha pili.

Nimebakiza moja, na hili nakugombeza. Umeniandikia kurasa nzima kuhusu taa, feni, kadi, viti vya mabawa na wachuuzi wa kwenye simu, kila kitu una maoni yake. Kuhusu mwanamke mnayekula naye meza moja mwaka wa sita umeniandikia kwamba alistaafu akapewa saa, na zaidi ya hapo hujui kitu. Miaka thelathini na moja watu wamefungua bomba asubuhi wakaoga kwa sababu yake, na hujawahi kumuuliza ilikuwaje. Imebidi ajenge mji wa watu elfu arobaini ndipo umwone. Kesho muulize, na usimkatize mpaka amalize.